Mbwa wa Lupango: Namna ya Kumtunza, na Namna ya Kujilinda na Wazimu Wake

Wandugu wa Hewa Bora, na ninyi mnaokaa vijijini kando ya machimbo, leo somo letu si mahindi wala muhogo. Ni mbwa. Mtu mmoja atasema: "Monitere, mbwa si kazi ya shamba." Ni kazi ya shamba kweli. Nani anayefukuza nyani na nguruwe wa pori katika mahindi yako usiku? Nani anayelia mwizi akiruka ukuta wa lupango kutafuta kuku? Tena nani anayekula mayai ya kuku, na kuuma mbuzi wa jirani, na kuleta maneno mbele ya chifu? Ni mbwa huyu huyu. Akitunzwa vizuri, yeye ni mfanyakazi asiyeomba mshahara. Akiachwa, yeye ni hasara, na siku nyingine yeye ni kifo.

Mbwa ni nyama wa zamani sana kwetu. Wawindaji wa Kongo, upande wa msitu wa kaskazini, wana mbwa mdogo mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Mbwa huyo habweki kama wengine, koo lake halikuumbwa hivyo. Hutoa sauti kama ya kuimba. Kwa hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie kichakani. Wazungu walipomwona walimtaka. Mwaka 1937 mbwa wa namna hii walionyeshwa London, katika maonyesho makubwa ya mbwa yanayoitwa Crufts, na watu wakajaa kuwatazama. Jina walilompa ni Basenji. Basi tusidharau mbwa wetu wa kijiji tukidhani mbwa wa maana ni yule wa Bulaya tu.

CHAKULA NA MAJI

Wengi wetu tunafuga mbwa bila kumpa chakula. Tunasema: "Mbwa anajitafutia." Mbwa anayejitafutia anatembea, na mbwa anayetembea anauma, anaumwa, anaokota magonjwa jalalani na kuyarudisha nyumbani. Kama huwezi kumlisha mbwa, usimfuge. Mbwa mmoja aliyeshiba analinda lupango kuliko wanne wenye njaa.

Mpe bukari iliyobaki, lakini bukari peke yake haitoshi. Changanya na vichwa vya samaki, au ndagala, au mchuzi wenye nyama kidogo. Mfupa mkubwa wa ng'ombe ni mzuri kwa meno yake. Mfupa wa kuku uliopikwa ni mbaya, maana huvunjika kama kioo na kuchoma matumbo. Maji yawe karibu naye mchana kutwa, katika chombo kisichoanguka.

Ukichinja mbuzi, usimtupie mbwa matumbo, mapafu wala maini yenye malengelenge. Kuna mnyoo mdogo unaokaa ndani ya nyama hizo. Mbwa akila, unakua tumboni mwake, na mayai yake yanatoka na mavi. Mtoto akicheza na mbwa kisha akala bila kunawa, anameza mayai hayo, na baada ya miaka uvimbe mkubwa wa maji unatokea ndani ya ini lake. Waturkana wa kaskazini ya Kenya wameteseka sana kwa ugonjwa huu, kwa kuwa wanakaa karibu sana na mbwa wao. Matumbo usiyotaka kula, yapike sana au yazike ndani sana.

KAMBA, NYUMBA NA WATOTO WA MBWA

Mchana mfunge mbwa kwa kamba ndefu, mahali penye kivuli. Usitumie waya, waya unakata shingo, na kidonda kinaingia funza wa inzi. Mkanda wa shingo uwe na nafasi ya vidole viwili. Usiku funga mlango wa lupango, kisha mfungue azunguke ndani. Kama lupango haina ukuta, panda mipaka ya miiba au simamisha miti, maana mbwa asiye na ukuta ni mbwa wa barabara.

Kuna watu wanaompa mbwa pilipili, au wanampiga kila siku, ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hawi mlinzi. Anaogopa, na anayeogopa anauma yeyote, hata mtoto wa bwana wake. Mbwa mzuri wa kulinda anabweka kwa mgeni na kunyamaza kwa wenyeji. Hii inatoka kwa kumzoeza tangu mdogo, si kwa fimbo.

Kupe watoe kila juma, na uwaue kwa mafuta ya taa au moto. Usiwapasue kwa kucha. Mahali pa kulala pafagiwe, maana viroboto na funza wa miguu wanapenda vumbi.

Mbwa jike anachukua mimba kama siku 63, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kila mara watoto wanne, sita, hata zaidi. Hesabu mwenyewe. Watoto wale ndio wanaotupwa jalalani au njiani kwenda kwenye machimbo. Usimtenge mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya majuma manane. Usiwape watu ovyo. Mpe yule aliye na chakula na lupango. Na munganga wa nyama, yaani yule anayetibu ng'ombe, mbuzi na mbwa, anaweza kumhasi dume au kumkata jike uzazi, asizae tena.

Jambo moja zaidi kwa watu wa machimbo. Mtu anakuja kuchimba, anajenga nyumba ya maturubai, anachukua mbwa wa kulinda vyombo. Jiwe likiisha, anahamia shimo lingine. Anachukua godoro, anachukua sufuria, mbwa anamwacha. Nimewaona mbwa hao katika vibanda vilivyobomoka, wamekonda, wanakwenda makundi makundi. Hawana bwana wala sindano. Kuhama bila mbwa wako ni kuwaachia jirani zako deni.

WAZIMU WA MBWA

Hapa tusimame, maana hapa ndipo penye kifo.

Ugonjwa huu wengine wanauita kichaa cha mbwa. Kifaransa ni rage. Si uchawi wala laana. Ni kijidudu kidogo sana kisichoonekana kwa macho, kinachokaa katika mate ya nyama mgonjwa. Mbwa akiuma, au akilamba kidonda, kijidudu kinaingia mwilini, kinashika mishipa ya fahamu, na kinapanda polepole mpaka ubongo. Safari hiyo mara nyingi ni miezi miwili au mitatu. Kwa mtu mmoja inaweza kuwa juma moja tu, kwa mwingine mwaka mzima. Kidonda kilicho karibu na kichwa kinafika upesi zaidi. Ndiyo maana watu wanasahau kidonda, na ugonjwa ukifika wanatafuta mchawi.

Mbwa mgonjwa anabadili tabia. Mpole anakuwa mkali, na mkali anaweza kuwa mpole wa ajabu, akijificha pembeni. Anauma miti, mawe, mnyororo wake. Sauti yake inakauka. Mate yanatoka, taya linalegea. Jihadhari hapo: watu wengi wanadhani mfupa umekwama kooni, wanaingiza mkono kuutoa. Usiingize mkono kamwe. Mbwa aliyeanza dalili hizi hamalizi siku kumi, anakufa. Paka, mbweha, mbuzi na ng'ombe pia wanaweza kupata ugonjwa huu.

Mtu akishikwa, kwanza kidonda cha zamani kinamwasha au kumchoma. Halafu homa, na hofu. Anataka maji, lakini akiyaona koo linafunga. Upepo mdogo usoni unamtetemesha. Basi, baada ya siku chache anakufa. Dalili zikishatokea hakuna dawa, hata katika lopitali kubwa za Bulaya. Shirika la afya la dunia, OMS, linakadiria kwamba kila mwaka watu karibu 59,000 wanakufa hivyo, wengi katika Afrika na Asia, na karibu wote waliumwa na mbwa. Katika kila kumi wanaoumwa na nyama wanaoshukiwa kuwa wagonjwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15.

Lakini kabla ya dalili, dawa iko, tena ni ya zamani. Tarehe 6 Julai 1885 mama mmoja alimfikisha Paris mtoto wake wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa amejaa vidonda vya mbwa mwenye wazimu. Mwalimu mkubwa Louis Pasteur alikuwa amejaribu dawa yake kwa mbwa. Aliogopa, lakini aliona mtoto atakufa bila shaka. Wakamchoma sindano kumi na tatu, kwa muda wa siku kumi na moja. Mtoto hakushikwa na ugonjwa. Alikua mtu mzima. Fahamuni neno hili vizuri: Pasteur hakumponya mtu mgonjwa. Aliwahi njiani, kabla kijidudu hakijafika ubongo. Mpaka leo kazi ya sindano ni kuwahi.

MAMBO NILIYOYAONA MIMI

Mwaka 2022, mwezi wa nane, mbwa asiyejulikana alitokea upande wa barabara ya machimbo akaingia kwetu asubuhi. Alikuwa mwekundu, taya limelegea, anakwenda moja kwa moja kama mlevi. Alimwuma msichana mmoja mkononi, penye bomba la maji. Akaingia kwangu, akapigana na mbwa wangu. Vijana wakamwua kwa mawe.

Nyanya ya yule msichana hakujua kusoma, lakini alikuwa amesikia mafundisho. Alichukua sabuni, akamwosha mtoto mkono huku anaimba, halafu akampeleka lopitali saa ile ile. Mtoto yule ni mzima, anasoma darasa la tano.

Mimi nilichukua daftari, nikapita lupango kwa lupango, nikauliza: "Nani ameumwa hapa?" Nikauliza akina baba na akina mama. Wote wakasema: "Hakuna." Nikaandika: hakuna. Nikafurahi kwa kazi yangu.

Sikuuliza watoto. Mvulana mmoja wa miaka minane alikuwa amemtupia mbwa yule mawe kabla, na mbwa akamgusa nyuma ya goti, jino moja tu. Alificha kwa sababu alijua atapigwa. Baada ya majuma saba mguu ukaanza kumwasha. Alipokataa kunywa maji, ndipo alipomwambia dada yake. Baba yake alimbeba kwa baiskeli mpaka lopitali, na munganga alimpokea vizuri, lakini kazi ilikuwa imekwisha. Tulimzika siku ya Alhamisi.

Tangu siku ile, mbwa akiuma mtu mmoja, mimi nawakusanya watoto wote peke yao, mbali na wazazi, nawaambia: "Hakuna atakayepigwa. Mbwa alimgusa nani? Alimlamba nani?" Kisha natazama miguu na mikono. Nanyi wazazi, mtoto akija na alama ya jino, wekeni fimbo chini. Maneno ya mawe aliyotupa yatangojea.

Na mbwa wangu? Jina lake lilikuwa Tutaonana. Tunajua sote namna tunavyopa mbwa majina ili jirani asikie. Alikuwa mbwa mwema kuliko jina lake. Mimi niliyefundisha wengine juu ya sindano, yeye sikuwa nimempeleka. Kila mara nilisema mwezi ujao. Munganga wa nyama aliniambia: mbwa aliyechanjwa akiumwa huchanjwa tena na kuangaliwa, asiyechanjwa huuawa, au hufungiwa peke yake miezi mingi, mahali asipoweza kumgusa mtu. Mimi nilikuwa na watoto wawili wadogo na lupango isiyo na mlango imara. Tutaonana aliuawa siku ile, akiwa bado ananitikisia mkia.

UKIUMWA, FANYA HIVI

Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili. Usiye na saa, imba nyimbo nne za kanisa, polepole, na uendelee kuosha mpaka mwisho. Sabuni yoyote inafaa, hata ya kufulia, maana sabuni inaua kijidudu kile. Osha hata mkwaruzo mdogo usiotoa damu nyingi. Kisha tia alkoli au iode, kama ipo.

Usitie pilipili, makala, majani, wala nywele za mbwa aliyekuuma. Wengi wetu tuna jiwe jeusi nyumbani kwa ajili ya nyoka. Jiwe hilo halifanyi kitu kwa wazimu wa mbwa. Linakupotezea siku tu. Usikubali kidonda kishonwe upesi upesi.

Nenda lopitali siku ile ile. Si kila zahanati ina dawa hii. Mtu mmoja apige simu na kuuliza ilipo, huku mwingine anaosha kidonda. Wazee wanaogopa kwa sababu zamani sindano zilikuwa nyingi, tena tumboni. Leo ni chache, na huchomwa katika mkono. Lakini haziishi siku moja: kuna ya siku ya kwanza, ya siku ya tatu, ya siku ya saba, na nyingine kama munganga atakavyoandika. Kidonda kikiwa kikubwa, au kikiwa usoni, kuna dawa nyingine inayotiwa ndani ya kidonda chenyewe. Usiache katikati kwa kuwa huoni maumivu.

Kama mbwa anajulikana na anaweza kufungwa bila hatari, mfunge umwangalie siku kumi. Akiwa mzima siku ya kumi na moja, hakuwa na kijidudu katika mate siku aliyouma. Lakini usingoje siku hizo ndipo uende lopitali. Nenda kwanza, mwambie munganga habari za mbwa, yeye ataamua kuendelea au kusimamisha.

Mbwa aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Waganga wa nyama wanaweza kupima ubongo wake. Waite, usikate kichwa mwenyewe. Wako watu wanaokula nyama ya mbwa. Sina neno juu ya chakula cha mtu. Ila mbwa aliyeuma, au aliyeonekana mgonjwa, asichinjwe kwa chakula. Anayemchuna ndiye wa kwanza kuingiwa na mate na ubongo katika vidonda vya vidole. Azikwe ndani sana.

KUCHANJA MBWA

Mtu ataniuliza: "Ugonjwa huu unaweza kwisha kweli, monitere, au tunatwanga maji?" Tazameni kisiwa cha Pemba, huko Zanzibar, katika bahari ya mashariki. Walichanja mbwa wa kisiwa, na mwaka 2014 wazimu ukakatika. Kisha wakalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukarudi kwa mbwa waliovushwa kutoka ng'ambo. Wakaanza tena kuchanja kila mahali, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Hawakuua mbwa wote. Kuua mbwa wote hakusaidii, maana wengine wanaingia mahali pao, wageni wasio na sindano. Wataalamu wanasema mbwa saba katika kumi wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita.

Kisiwa kina bahari pande zote. Sisi tuna barabara za machimbo, na malori, na mbwa wanaofuata watu. Kwa hiyo kwetu kazi ni ngumu zaidi, na haiwezi kufanywa mwaka mmoja kisha ikasahauliwa.

Mtoto wa mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, tena baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Lubumbashi kuna chuo kikuu chenye masomo ya uganga wa nyama, na waganga wa nyama wako mjini. Ulizeni siku ya kuchanja na bei yake kabla ya kutoka nyumbani. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia nzima ya kupigana na ugonjwa huu, ndiyo siku aliyokufa Pasteur, mwaka 1895. Mahali pengi wanachanja karibu na siku hiyo. Vijiji vilivyo mbali na mji vinaweza kukusanya mbwa mahali pamoja na kumwita munganga mara moja. Safari moja ya pikipiki kwa mbwa thelathini ni nafuu kuliko safari thelathini.

Siku ile mbwa aletwe na mtu mzima anayemjua, si mtoto. Afungwe kamba fupi, na mdomo ufungwe kitambaa kama ni mkali. Wasimame mbali mbali, wasipigane. Asipewe chakula kingi asubuhi. Kadi yake iandikwe jina la mbwa, rangi yake, jina la bwana wake na tarehe. Kadi hiyo usiipachike ukutani mchwa wakaila. Iweke pamoja na kadi za sindano za watoto wako, katika mfuko mmoja, ili siku ukitafuta moja uione na nyingine.